Boma la Maji na Mamba wa Ramisi

Nguzo za boma hukatwa mwezi ukiwa umeanza kupungua. Ukizikata mwezi mchanga, mti huwa na maji mengi, na wadudu wataumaliza kabla masika hayajaisha. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa katika kazi hii, na ndilo la kwanza ninalowaandikia nyinyi wawili mliochukua nafasi yangu. Bega langu la kulia limekataa nyundo, na mtu asiyeweza kupigilia nguzo hana haja ya kusimama mtoni akiwasumbua wanaoweza. Basi nimeketi, nimemwomba Mola aniongoze mkono, naandika. Kuandika nimejifunza ukubwani, katika darasa la ngumbaro la jioni. Mkiona herufi zimeinama, someni na nyinyi mkiinama.

Kwa atakayesoma naye si wa huku kwetu, boma la maji ni ua wa nguzo za mikoko uliopigiliwa ndani ya mto. Unaanzia ukingoni, unaingia hadi maji yanapofika kiunoni, unazunguka, unarudi ukingoni. Ndani yake wanawake huteka maji, hufua, huogesha watoto. Nje yake ni kwa mamba. Mto wa Ramisi una mamba tangu enzi za mababu zetu, na watu walipokuwa wengi kwa ajili ya mashamba ya miwa, wenye mashamba na mzee wa mtaa walipatana wawekwe wanawake wa kulitunza boma. Mwanamume hakufaa, kwa sababu mwanamke huingia majini na leso moja tu.

Siku yangu ya kwanza nilikwenda na mtoto mgongoni, Saumu wangu, bado hajaota jino. Bi Mwanasha alikuwa amesimama majini hadi magotini, leso ameikaza kiunoni, anagonga nguzo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, na ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa wetu. Watu walimheshimu na kumwogopa kidogo, maana kila mwanamke alijua kwamba iko siku atalala mbele ya mikono ile.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Wajua kuogelea?"

"Sijui, Bi."

"Vizuri. Wanaojua hujaribu." Akamtazama mtoto mgongoni. "Huyo mpeleke kwa bibi yake. Hapa mtu haji na kitu anachokipenda."

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na bado ni vilevile: nyundo ya mti mgumu, shoka, mundu, kamba za makumbi, na upondo mrefu wa kupapasia chini ya maji. Misumari msikubali kuletewa. Inakula kutu, nguzo inalegea, na wewe waiona imesimama ukadhani ni nzima. Kamba ya makumbi ikichakaa huonekana, nayo hilo ndilo jema lake.

Kila asubuhi, kabla mtu hajatia mguu, mlinzi huingiza upondo na kuzunguka boma lote, akisukuma shina la kila nguzo. Mamba hupita mahali ambapo ungeapa hapiti. Mimi siku za mwanzo nilikuwa nikisoma Bismillahi na Ayatul Kursii pale ukingoni, halafu nazunguka upesi upesi. Bi Mwanasha akanishika mkono. "Mwanangu, kisomo chako ni kizuri, na mimi naitikia amina. Lakini tundu huzibwa kwa nguzo. Mungu alikupa kisomo na akakupa upondo, usimrudishie kimoja." Tangu hapo nimesoma kwa sauti na nimesukuma kwa nguvu, na sijaona kimoja kikigombana na kingine.

Zamani hizo tulikuwa na desturi ya kupiga debe. Boma likishakaguliwa, mlinzi anagonga debe tupu kwa kijiti, ili mamba waogope wakae mbali, na ili wanawake majumbani wajue kwamba njia ni wazi. Kila mtu aliona ni busara. Siku moja kulikuwa na maziko upande wa Msambweni, wanawake wote wamekwenda, na Bi Mwanasha kwa mazoea tu akalipiga debe. Hakuja mwanamke hata mmoja. Wakaja mamba. Kichwa kimoja kikaibuka karibu na nguzo, kisha cha pili, kisha vingine nyuma yao, wametulia kama waalikwa waliosikia sahani zikigongana. Kumbe kila siku baada ya debe walikuja wanawake na samaki wa kupara, na matumbo ya samaki yalitupwa juu ya ua. Mamba ni mwanafunzi mzuri kuliko sisi wa ngumbaro.

"Miaka yote hii tumekuwa tukiwaita," akasema Bi Mwanasha. "Tena kwa heshima."

Debe likaachwa. Samaki pia tukakataza, na maneno tuliyoyapata hapo si ya kuandikwa.

"Sasa samaki tuwapare wapi, kitandani?" akauliza mmoja.

"Hata kitandani," akajibu Bi Mwanasha. "Akilalamika mumeo, mwambie yeye ana mdomo wa maneno. Hawa hapa mdomo wao ni wa kazi nyingine."

Kwa miaka ya mwanzo nilimjua mamba kama adui tu. Baadaye, kwa kumtazama kila asubuhi, nikaanza kumjua kama jirani, jirani mbaya, lakini jirani. Anapoota jua kinywa wazi hana hasira, anajipoza. Hana haraka. Akila mlo wa maana aweza kukaa siku nyingi bila kula tena. Anasafisha mto, maana mzoga wa ng'ombe unaoteremshwa na mafuriko hauoni jua la tatu. Na kila mmoja ana mahali pake. Upande wa pili, mkabala na boma letu, kulikuwa na fungu la mchanga lenye mamba jike mkubwa sana, mzee, mwenye kovu jeupe puani. Wanawake walimpa jina la Mke Mwenza, kwa sababu kila ukija mtoni yupo, anakuangalia, na hakuamkii.

Bi Mwanasha hakutaka atupiwe hata jiwe. "Mamba mwenye mahali pake ana mipaka," alisema. "Akija mgeni, yeye ndiye anayemfukuza, sio mimi na nyundo yangu." Na ni kweli, tulikuwa tukiona. Akitokea mamba wa kigeni kutoka chini, upande wa bahari, Mke Mwenza aliingia majini bila kelele, na punde mgeni angeonekana akirudi alikotoka.

Kila mwaka, joto la kaskazi likikaza na mto ukipungua, jike yule alichimba mchangani kwa miguu ya nyuma, akataga mayai, akayafukia, kisha akalala karibu yake miezi kama mitatu. Kenge wanayataka mayai hayo kama watoto wanavyotaka kashata, kwa hivyo hasogei. Hendi kuwinda. Mtu aliyemzoea humwona akikonda mkia wiki baada ya wiki. Mvua za kwanza zikikaribia, watoto hulia wangali ndani ya mayai, naye huwasikia akawafukua. Hayo ya mwisho nilikuwa nimeyasikia kwa Bi Mwanasha tu. Kuyaona, niliyaona mara moja, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Nitayaandika polepole, kwa sababu yanahusu mauti.

Mejumaa alikuwa mjane, msuka mikeka, nyumba yake ya tatu kutoka msikitini. Alikuwa na binti mmoja aliyebaki nyumbani, Zainabu, kigori, mwepesi wa kucheka, mwenye kikuku cha fedha alichoachiwa na bibi yake. Mwaka huo kaskazi ilikuwa kali, maji ndani ya boma yakawa machache na ya tope, na foleni ndefu. Asubuhi moja Zainabu na wenziwe walichoka kungoja. Wakashuka chini kidogo, nyuma ya matete, mahali maji yalipokuwa meupe. Mimi nilikuwa ndani ya boma nikipokezana kata za maji na akina mama. Nilisikia wasichana wakipiga ukelele mmoja, kwa pamoja, kisha kimya. Nilipofika na upondo wangu, ndoo ilikuwa inaelea na maji yalikuwa yameshatulia. Wasichana walisema hawakuona mamba. Walimwona Zainabu amesimama, halafu hawakumwona.

Wanaume walitafuta kwa mitumbwi hadi mto unapoingia baharini, mkabala na Funzi. Hawakupata kitu. Hata kipande cha leso.

Mwalimu wa msikiti wetu akaja kwa Mejumaa, akamwambia kwa upole kwamba sheria inaruhusu kumswalia maiti aliye ghaibu, asiyeonekana, na kwamba aliyekufa kifo kama kile tunamtarajia kwa Mungu daraja ya shahidi. Mejumaa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi sikatai sheria," akasema. "Lakini nimswalie nani? Sijaona hata unywele. Mwenye maiti huosha, huvika sanda, huzika. Mimi nimeosha nini?"

"Dada yangu, huna lililobaki kwako ila subira."

"Nitakuwa na subira nikipata cha kuzika."

Hakuweka tanga. Hakukubali mtu ampe pole ya msiba, amwambie makiwa. Alikaa barazani anasuka ukindu, na ukipita unamsalimia, akikuitikia unaona kwamba anasikiliza nyuma yako, kama mtu anayengojea mwenziwe arudi kutoka dukani.

Mzee wa mtaa alipata ruhusa mamba mla mtu awindwe. Akaletwa mwindaji Mkamba kutoka upande wa Shimba, Bwana Mutua, mtu mtaratibu mwenye bunduki moja na maneno machache. Yeye alitaka ngozi, maana wakati ule ngozi ya mamba ilikuwa na wanunuzi Mombasa. Mejumaa alitaka kuangalia tumboni. Wakapatana mbele ya mzee: ngozi ni ya Mutua, tumbo ni la Mejumaa.

Mamba wa kwanza alipigwa chini ya matete yale yale. Dume. Walipomvuta mchangani Mutua akatoa kisu, na Mejumaa akasimama kati yake na mnyama.

"Wewe utapasua," akamwambia. "Hutatia mkono. Mkono wa mwanamume usimguse mwanangu."

Mutua akamtazama mzee wa mtaa. Mzee akatazama chini. Binti huoshwa na wanawake, na hilo halina mjadala kwetu. Basi Mutua akapasua, akasogea, akageuka akatazama miwa. Bi Mwanasha akakunja mikono ya nguo, na mimi nikamfuata kwa sababu ndiye aliyenifundisha, na mwanafunzi haachi kazi inapokuwa chungu. Tulipapasa kwa utaratibu, kama maiti anavyooshwa, tukisoma kimoyomoyo. Tukatoa mifupa ya kambare. Tukatoa gamba la kasa. Tukatoa mawe, mawe matupu ya mtoni, mengi.

"Mawe ya nini?" akauliza Mejumaa.

"Hata mimi siku zote najiuliza," akasema Mutua, bado ametupa mgongo. "Kila moja iko na mawe. Mzee wangu alisema inameza ndio izame vizuri."

"Tafuteni tena."

Tukatafuta tena. Hakuwamo. Nilikwenda nyumbani nikaoga, nikabadili nguo, nikaswali adhuhuri, na mikono yangu niliiona kama ni ya mtu mwingine.

Wa pili alikuwa na kenge na kwato za mbuzi. Wa tatu alipatikana juu, karibu na kivuko, mkubwa kuliko wote, na Mutua mwenyewe akasema huyu ndiye. Nikaingiza mkono nikashika kitu cha mviringo. Nikakitoa nikakiosha. Kilikuwa kikuku, lakini cha shaba, chembamba, kimelika kwa miaka.

Wanawake waliokuwa wamesimama nasi wakaanza kulia. Mejumaa akakipokea, akakigeuza, akakirudisha mkononi mwangu.

"Si chake."

Shemeji yake mmoja akamsogelea. "Mejumaa, mwenzangu, kichukue tu. Kizike, upumzike. Mungu anajua nia."

"Nizike mtoto wa mwenzangu, nimwache wangu? Na huyo mwenye kikuku hiki, mamake alingoja wapi?"

Tulipeleka habari vijiji vya juu vyote na hakuna aliyekitambua. Bi Mwanasha akakifukia ukingoni, akaswali rakaa mbili, akarudi kazini. Nami tangu siku ile nilijua kwamba Mejumaa hatadanganyika, na kwamba kwa sababu hadanganyiki hatakoma. Maana mto ulikuwa na matumbo mengi, na kila tumbo lisilokuwa naye lilimwambia yumo katika linalofuata.

Mutua akaendelea kupiga. Sasa walikuwa wakija wadogo. Mmoja hakuzidi urefu wa mkeka wa kuswalia, na Bi Mwanasha akashindwa kunyamaza.

"Huyu hata kuku hammalizi, Mejumaa."

"Pasua," akasema Mejumaa.

Wakati huo huo mto ukaanza kutugeuka. Madume wenye mahali pao walipokwisha, mahali hapakubaki patupu. Wakaja wageni kutoka chini, wasiojua mipaka. Mchana mweupe mmoja wao alijibamiza kwenye nguzo za boma huku wanawake wamo ndani, na nguzo mbili zikalala. Tukawatoa watoto kwa kuwarusha ukingoni kama mizigo. Wiki ile nilipigilia nguzo nyingi kuliko mwaka mzima uliotangulia, na bega hili linaloniuma leo, naamini ndipo lilipoanza.

Na Mke Mwenza alikuwa bado yuko kwenye fungu lake la mchanga. Upande wake tu ndio uliokuwa na amani.

Mawingu ya masika yalipoanza kukusanyika, Mutua akaja kwa Mejumaa nami nipo. "Mama, imebaki ile kubwa ya ng'ambo. Kama haiko kwa hiyo, mimi sijui tena."

"Twende," akasema Mejumaa, akasimama. Kisha akanigeukia. "Na wewe njoo. Bi Mwanasha amechoka, mwache apumzike. Wewe utapapasa."

Tukashika njia. Nilikuwa nikimwomba Mungu anipe maneno, na sikupewa. Tulivuka kwa mtumbwi mbali juu, tukateremka kwa miguu hadi kwenye ukingo mrefu unaolitazama fungu la mchanga kutoka juu. Ilikuwa alasiri. Jike yule alikuwa majini, pua tu ndiyo iliyoonekana, na lile kovu. Mutua akalala kifudifudi, akaweka bunduki sawa.

Mejumaa akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu alikuwa wapi siku ile?"

Hapo nikajua maneno ni haya. "Alikuwa hapa, amelala juu ya mayai. Kaskazi yote alikuwa hapa. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi nikizunguka na upondo. Jike akilinda mayai hendi kuwinda. Tazama mkia wake akitoka, umekonda."

"Ni kweli," akasema Mutua bila kugeuka. "Hii haijakula siku mingi."

Mejumaa hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi. "Waapa?"

Wallahi, ilikuwa rahisi kuapa. Neno moja, na mnyama anapona, na mto wangu unapona. Lakini mwanamke yule alikuwa amekataa kikuku cha uongo mbele ya mtaa mzima, na mimi singeweza kumpa kiapo nisichokuwa nacho.

"Siapi, dada. Asubuhi ile nilimwona hapa kabla ya watu kuja. Ukelele ulipopigwa nilikuwa nikimtazama Zainabu wako? Sikuwa. Nilikuwa nikimtazama huyu? Sikuwa. Mungu ndiye aliyeona. Mimi nakwambia mazoea yake tu."

Akageuka akautazama mto. Hapo tukasikia sauti kutoka chini yetu, nyembamba, nyingi, kama vifaranga vilivyofunikwa na pakacha.

"Nini hicho?"

"Ni watoto. Wamo mchangani, bado wako ndani ya mayai."

Mke Mwenza alikuwa amesikia kabla yetu. Akatoka majini kwa uzito, mkia umekonda kweli, ngozi imelegea kiunoni. Akaanza kufukua, polepole, kwa miguu ya mbele. Mutua akavuta pumzi na kuishika. Mnyama alikuwa amesimama kiubavu kabisa, hata mimi nisiyejua bunduki nilijua kwamba Mutua hawezi kumkosa.

Jike akainamisha kichwa shimoni. Aliponyanyua, kitu kidogo kilikuwa kikipapatika kati ya meno yake.

"Anamla!" Mejumaa akapiga ukelele. "Yallah, anamla mwanawe!"

Nikamshika bega. "Hamli. Tazama. Hamli."

Mnyama akageuka, kinywa amekifumba nusu, akaenda hadi kwenye maji. Akakifunua. Akatikisa kichwa kidogo tu, na kile kitu kikateleza, kikaogelea. Kisha akarudi shimoni, akatwaa mwingine, naye akampeleka. Akarudi tena. Yai moja lilikuwa halijapasuka. Akalichukua, akalibinya kwa meno yale yale, taratibu, mpaka mtoto akatoka mzima.

Mejumaa alikuwa amepiga magoti. Hakulia. Alikitazama kile kinywa kikifumba na kufunguka, kikifumba na kufunguka, na midomo yake ikawa inakwenda, sijui anasoma, sijui anahesabu, sijui anamwambia nini nani.

Mwisho akasema, "Baba Mutua. Shusha bunduki."

"Mama, ikiingia kwa maji hatutaipata tena hivi."

"Najua. Shusha."

"Na kama ni yeye?"

"Kama ni yeye, Mungu anamjua. Mimi nimepasua matumbo ya mto mzima nikimtafuta mwanangu kana kwamba ameingia humo akakaa. Hakukaa. Mwanangu hayumo tumboni mwa mnyama yeyote." Akainuka. "Ameshakwenda kwa Mola wake siku ile ile. Mimi ndiye niliyekuwa nimemzuia mlangoni."

Mutua akashusha bunduki. Akajipangusa uso kwa kiganja. Alikuwa mtu wa kazi, na ile ndiyo ngozi kubwa kuliko zote alizopata kuziona. "Na ngozi, mama? Tulipatana ngozi ni yangu."

"Ngozi ya huyu ni yake mwenyewe," akasema Mejumaa.

Alimwambia mzee wa mtaa maneno hayo hayo jioni ile, na kwa kuwa ruhusa ilitolewa kwa ajili yake, ikakoma naye alipokoma. Mutua akarudi kwao Shimba. Mzee akapitisha kwamba kiota cha mamba kisiguswe, na matete ya ng'ambo yasikatwe kaskazi yote, na kwamba anayeona foleni ni ndefu akae foleni. Neno hili la mwisho nawausia nyinyi kuliko yote. Nguzo mtazipigilia, kamba mtazifunga, lakini linalomwua mtu ni ile haraka ya kuteka nje ya ua. Msione haya kuwagombeza. Mimi nimegombeza wake wa watu wazito na sijafa.

Wale watoto wa mamba, wengi wao waliliwa na ndege na kambare kabla masika hayajatulia. Ndivyo ilivyo, hubakia wachache sana. Lakini walibaki, na wageni kutoka chini wakafukuzwa mmoja mmoja, na boma likatulia. Bi Mwanasha alifariki mwaka uliofuata. Nilishirikiana na wengine kumwosha, na sikuona woga wowote kwenye mikono yangu.

Swala ya Zainabu iliswaliwa Ijumaa ya wiki ile ya bunduki kushushwa, mara baada ya swala ya Ijumaa. Wanaume walipanga safu, mbele yao hapana jeneza. Sisi wanawake tulikuwa kwa Mejumaa, tumetandika mikeka yake mwenyewe aliyoisuka siku zile zote za kungoja, na sasa ndipo tukafahamu alivyokuwa amesuka mingi, maana ilienea nyumba nzima, baraza, hadi uani. Takbira ya kwanza iliposikika kutoka msikitini, alifunika uso kwa leso. Ya nne ilipokwisha akaufunua.

Watu wakaanza kuingia. Wakamwambia makiwa, mmoja baada ya mmoja, nayo akayapokea yote. Mimi nilikuwa nikigawa chai. Nilipofika kwake akashika kikombe, akakiweka chini, akanitazama.

"Hii imepoa," akasema. "Marehemu Zainabu alikuwa hapendi mgeni apewe chai ya baridi. Hebu nenda ukaipashe."

Nikainuka nikaenda jikoni, nikachochea moto.